Jagi la Maziwa Katika Chumba cha Rangi

Jumanne, saa moja na robo asubuhi, katekista Pasikali wa Kumsenga alishuka kwenye lori mbele ya karakana ya Nestori Manirambona, nje kidogo ya mji wa Kasulu, kando ya barabara iendayo Kibondo. Alikuwa amefuata geti la kanisa lao. Aliita, hakuitikiwa. Mlango wa chumba cha kupulizia rangi ulikuwa umefungwa komeo kwa nje. Akalivuta, akausukuma mlango, na harufu ya tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ikamvaa usoni hata akarudi nyuma akikohoa. Alipoingia mara ya pili, leso puani, aliliona geti kwanza, buluu tupu, linang'aa kama sahani iliyooshwa. Kisha akamwona aliyelipaka. Nestori alikuwa amelala chini ya geti, bunduki ya rangi mkononi, barakoa imeshuka shingoni.

Sajenti Esteri Nduwayezu wa upelelezi alifika saa mbili kasoro, akakuta nusu ya mtaa imeshajaa pale na wengi wao wameshatoa hukumu. Watu wa Kasulu hawahitaji mahakama, wanahitaji mahali pa kusimama tu. Aliwaomba wenzake wawasogeze, akaingia, akapiga magoti kando ya maiti. Hakupaswa kulia na hakulia, ila ilimbidi angoje kidogo kabla ya kushika kalamu. Esteri alimjua Nestori tangu akiwa mgongoni kwa dada yake Jeanne. Esteri na Jeanne walikua nyumba jirani, watoto wa wakimbizi kutoka Burundi ambao baadaye walipata uraia, na katika michezo yao yote ya kuruka kamba Jeanne aliruka na mtoto mgongoni, kwa sababu mama yao alishinda shambani na baba hakuwepo. Mtoto yule ndiye huyu sasa, kalala na bunduki yake.

Chumba kilikuwa kidogo. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa nailoni, na sakafu ilikuwa bado na alama za maji yaliyomwagwa ili vumbi lisiruke. Kiangazi cha huku kina vumbi jekundu linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa, na fundi wa kupuliza rangi hana adui mkubwa kuliko vumbi hilo likitua kwenye rangi mbichi. Kwa hiyo Nestori alikuwa na utaratibu ambao mtaa mzima uliujua. Akiingia kupuliza, mtu humfungia komeo kwa nje ili upepo usipige mlango, akakaa hapohapo. Nestori akimaliza upande mmoja hugonga, hufunguliwa, hutoka kupumua, akarudi. Na akimaliza kazi yote, hunywa maziwa. Wapaka rangi wa huku wote wanaamini maziwa yanasafisha kifua, na daktari akisema vinginevyo wanamchekea tu.

Karibu na mlango kulikuwa na rafu ya mbao. Esteri aliandika vilivyokuwepo juu yake: redio ndogo, makopo, vipande vya msasa, jagi jeupe la plastiki lenye mfuniko, kikombe cha bati. Rangi ya bunduki haiendi yote kwenye chuma. Nyingine hubaki hewani kama ukungu, ikatua taratibu juu ya kila kitu kilichomo chumbani. Na siku ya Jumatatu Nestori alikuwa amepuliza mara mbili: asubuhi alipiga mkono wa kwanza, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, alasiri akapiga mkono wa juu, buluu. Redio ilikuwa na wekundu, na juu ya wekundu ubuluu. Makopo vilevile. Jagi lilikuwa na ubuluu kwenye mfuniko na mabegani. Kikombe kilikuwa na ubuluu hadi ndani, juu ya utando wa maziwa yaliyokauka. Esteri alipiga picha rafu yote, akainua kimoja kimoja, akapiga picha na chini yake, akavitia kwenye mifuko, akaendelea na kazi nyingine.

Siti muuza chai, ambaye kibanda chake kinatazamana na karakana, alieleza huku akijifuta macho kwa upande wa kanga.

"Jana asubuhi alikuja kashika makopo ya rangi mikono yote miwili, mimi ndiye niliyemfungulia kufuli. Nikamwambia mwanangu, kunywa chai kwanza. Akasema hapana shangazi, kesho nasafiri, leo lazima geti liishe. Akaingia na njaa yake hivyohivyo."

"Mchana ulimwona nani?"

"Mchana sikuwepo. Nilifunga saa sita nikaenda kliniki. Hata moto sikurudi kuuzima."

Hospitalini daktari hakuona jeraha wala alama ya kukabwa. Kilichomuua ni hewa ya tina.

"Lakini daktari, huyu amepuliza rangi miaka. Akizidiwa si anagonga mlango?"

"Angegonga kama angeweza," daktari alisema. "Huenda kuna kitu kilimlegeza kabla. Nimechukua sampuli, tutapeleka kwa mkemia. Majibu ni wiki kadhaa."

Mkuu wake Esteri, Inspekta Bazilio, hakuwa na wiki kadhaa. Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka ya kumaliza mambo. "Komeo halijifungi lenyewe, Esteri," alisema. "Aliyelifunga akaondoka ndiye aliyemuua. Nani huwa anakaa pale mlangoni?"

Aliyekuwa akikaa pale ni Rodrigue, kijana kutoka mashariki ya Kongo anayeishi kambi ya Nyarugusu. Alikuwa akitoroka kambini bila kibali kuja kuchora maua na maandishi kwenye mageti kwa brashi. Bunduki hakuigusa, kwake rangi ilikuwa kitu cha kupakwa kwa ncha ya unywele, taratibu, ulimi ukiwa nje. Walimkamata kambini siku ileile jioni. Sababu ilipatikana upesi. Nestori alikuwa ameitwa kazini Dar es Salaam, basi lake lilikuwa la alfajiri ya Jumanne, na karakana ingefungwa. Watu walimsikia Rodrigue akimlalamikia: sasa miye nitakula wapi?

Esteri alimhoji Jumatano, saa tatu asubuhi. Kwa Kiswahili cha kwao Rodrigue alimwita Nestori patron, yaani bosi, na Jeanne yaya, yaani dada.

"Afande, miye sikumuua patron. Nilimuacha iko muzima, anaimba."

"Nani alifunga komeo?"

"Siye miye. Yaya Jeanne alikuya na jagi ya maziwa. Akaniambia: Rodrigue, weye enda, njia ni mbali, miye nitabaki hapa mlangoni. Njo nikaenda."

"Saa ngapi?"

"Kwa saa nane hivi. Ile nyekundu ilikuwa imekauka. Patron alikuwa anachanganya ya buluu."

"Jeanne anasema hakukanyaga karakana siku ile."

Rodrigue hakukasirika, na hilo lilimsumbua Esteri kuliko kama angepiga kelele. "Basi imekwisha," alisema. "Yeye ni dada ya marehemu, ni raia. Miye ni mutu wa kambi, tena niko inje ya kambi. Nani ataniamini miye?"

Esteri alifunga daftari, kwa sababu yeye mwenyewe hakumwamini. Jumanne ileile alikuwa ameketi na Jeanne kwenye mkeka, mikono ya Jeanne ikiwa baridi ndani ya mikono yake, na Jeanne alikuwa amemwambia: "Maziwa aliondoka nayo mwenyewe asubuhi, kama kila siku. Mimi nilishinda hapa nampikia vya safari. Esteri, nimempikia mtu ambaye hakula." Esteri aliandika maneno hayo kwa hati nzuri na hakuuliza la pili. Ungekuwa wewe ungeuliza?

Alhamisi asubuhi alimwita Evaristi. Huyu alikuwa fundi mkongwe wa brashi na rola, mwalimu wa kwanza wa Nestori, na mtaa ulikuwa umemtaja sana. Kazi za makanisa zilikuwa zake zamani, kabla mwanafunzi wake hajanunua kompresa, ile mashine ya kusukuma upepo kwenye bunduki, inayojizima fundi akiiachia bunduki. Mwezi uliopita alisikika kilabuni akisema bunduki ile itamuua.

"Nilisema," Evaristi alikiri. Walikuwa wamesimama ndani ya karakana, milango wazi, mbele ya geti. "Na imemuua. Mnifunge kwa kusema kweli? Jumatatu kutwa nilikuwa juu ya paa la shule Munanila, mwalimu mkuu ananishikia ngazi na shule nzima inanicheka. Waulizeni."

Walishaulizwa, na ilikuwa hivyo.

"Mzee Evaristi, hujaitwa kwa hilo. Nataka unisomee hili geti. Kuna kitu kimeharibika?"

Mzee alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Alianzia kushoto, akainama, akatazama rangi kwa upande ili mwanga uipige. "Hapa ni yeye," alisema. "Bunduki imekaa umbali mmoja mwanzo hadi mwisho. Kila mstari umefunika nusu ya mwenzake. Nilikuwa namtukana mbele za watu, lakini huyu mtoto alikuwa fundi." Akasogea kulia hatua kwa hatua, na alipofika bawa la pili alisimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nini, mzee?"

"Imetiririka. Unaona michirizi hii? Bunduki ikisimama mahali pamoja rangi inajaa, inashuka. Hapa imesimama. Hapa pia. Hapa mstari umepinda, amerudi kuusahihisha, ukapinda tena. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza ndiye anayepaka hivi."

"Harufu ilimzidi?"

"Harufu ikikuzidi kichwa kinapasuka, unatapika, unakimbilia mlango. Hii haikuja hivyo. Imekuja kidogokidogo kuanzia hapa mpaka pale alipoanguka. Afande, huyu alikuwa anasinzia. Alikuwa anasinzia na bado anataka geti liishe." Mzee aliweka kiganja kwenye chuma pale rangi ilipotiririka, na machozi yakamshuka bila yeye kuyajali. "Alikuja kuniaga Jumapili. Akanieleza hiyo kazi ya Dar, rangi ya unga. Hakuna tina, hakuna harufu. Unga unapulizwa mkavu, umeme unaufanya ushike kwenye chuma, halafu kitu kinaingizwa kwenye tanuri, rangi inayeyuka na kuganda kama ngozi. Kifua chake kilikuwa kimeshaanza kutoa damu. Alisema nisimwambie dada yake, atalia."

Saa tano asubuhi Esteri alikuwa kituoni amefungua mifuko ya vielelezo juu ya meza. Kama Nestori alisinzia, kuna alichokunywa, na asubuhi ile hata chai hakunywa. Alifungua mfuniko wa jagi. Chini ya maziwa yaliyoganda kulikuwa na chembe nyeupe ngumu, kama chaki iliyosagwa vibaya. Aliziangalia kwa muda. Ndipo alipoligeuza jagi kwenye mwanga wa dirisha na kuona kitu alichokwisha kukiandika kwa mkono wake siku ya Jumanne.

Lilikuwa na buluu tu.

Akaweka redio kando yake. Nyekundu chini, buluu juu. Akaweka kopo. Nyekundu chini, buluu juu. Kila kilichokuwa kwenye ile rafu tangu asubuhi ya Jumatatu kilikuwa na rangi mbili. Akatafuta kwenye simu picha ya mbao ya rafu pale jagi lilipokuwa limekaa: duara safi la wekundu, na ubuluu umelizunguka pande zote. Jagi liliwekwa pale wekundu ukiwa umeshatua na ubuluu haujaanza. Yaani mchana. Yaani saa ileile aliyoitaja Rodrigue.

Alijaribu kumwokoa Jeanne kwa kila njia, na tuseme ukweli, alijaribu kwa bidii kuliko alivyowahi kujaribu kumtia mtu hatiani. Labda Nestori alikuja nalo asubuhi akaliacha uani, akaliingiza mchana. Lakini Siti alimfungulia kufuli kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa na makopo. Labda alitoka mchana akalifuata nyumbani. Lakini Jeanne alisema aliondoka nalo asubuhi, na mtu hadanganyi kitu ambacho hakina kazi. Na zile chembe nyeupe? Mama yao alipofariki mwaka jana, Jeanne hakulala majuma mazima. Aliyempeleka hospitali ni Esteri. Aliyesimama dirishani kupokea pakiti za vidonge vya usingizi ni Esteri, na ndiye aliyemwambia, meza kimoja tu, viwili vitakulaza hadi mchana.

Alimpelekea Bazilio habari hiyo. Inspekta alilitazama jagi, akatazama redio, akakuna kidevu.

"Nimekuelewa," alisema. "Lakini kesho saa mbili asubuhi gari linampeleka kijana Kigoma, kesi ya kuua, na faili lake limekamilika. Sitalifungua kwa ajili ya jagi la plastiki. Niletee maneno ya mtu mwenyewe kabla gari halijaondoka."

"Maziko ni kesho saa tisa, afande. Nilitaka Jeanne azike kwanza."

"Basi chagua," Bazilio alisema, na alisema kwa upole.

Nyumba ya msiba ilijaa watu. Wanawake walikuwa jikoni na masufuria ya maharage, wanaume nje kwenye mabenchi. Jeanne alikuwa peke yake katika chumba cha Nestori, ameketi chini, mgongo kwenye kitanda, begi la safari la mdogo wake mapajani. Ilikuwa saa kumi jioni. Esteri aliufunga mlango, akakaa chini mbele yake, magoti yao yakagusana.

"Jeanne, nimekuja kikazi."

"Najua. Hujavua viatu."

Esteri alitazama viatu vyake. Katika nyumba ile hakuwahi kuingia navyo. "Jumatatu saa nane ulikuwa karakana," alisema. "Ulimpelekea maziwa. Ulimwambia Rodrigue aende."

"Nilishasema sikufika."

"Rafu ya Nestori ina vitu vyenye rangi mbili, ya asubuhi na ya alasiri. Jagi lako lina moja. Chini yake kuna nyekundu, juu yake kuna buluu. Jeanne, liliingia katikati. Na ndani yake kuna vidonge. Rodrigue yuko mahabusu kwa ajili ya maneno yako, kesho asubuhi wanampeleka Kigoma, naye hana dada wa kumlilia."

Jeanne aliendelea kuzungusha kamba ya begi kwenye kidole, ikaisha, akaifungua, akaanza upya. Nje mtu alicheka, akanyamazishwa.

"Viwili," alisema mwishowe. "Nilisaga viwili, nikaogopa havitoshi, nikaongeza. Nilitaka alale, Esteri. Alale tu mpaka basi limpite. Wiki nzima nilimsihi asiende, akawa ananicheka, ananiita mama kizee. Baba aliaga kwenye mlango ule, akasema naenda kuangalia shamba letu la Burundi, narudi. Mimi ndiye niliyemsindikiza hadi njia panda. Miaka ishirini na kitu namngoja. Mama amekufa anaangalia mlango. Nikasema huyu hapana. Huyu nimemlea mimi, musaza wanje, ndugu yangu wa tumbo moja, nilimtafunia viazi kabla hajaota meno. Akikosa basi, wale watu wa Dar watachukua mwingine, atakasirika mwezi mmoja, atanisamehe."

"Na komeo?"

"Nilimfungia mimi, kama Rodrigue anavyofanya. Nikakaa kwenye benchi nje nachambua maharage. Kompresa ilikuwa inanguruma, nikajua anafanya kazi. Alikuwa anaimba, baadaye akaacha, nikasema amevaa barakoa. Hakugonga kutoka kupumua, nikasema ana haraka. Halafu kompresa ikanyamaza." Aliacha kuizungusha kamba. "Nikasema, haya, amemaliza. Sasa anakunywa maziwa. Nikaona aibu kumtazama usoni akitoka. Nikalifungua komeo taratibu asisikie, nikakimbilia nyumbani kumtandikia kitanda hiki."

Esteri angeweza kuishia hapo. Lakini faili lilitaka mwisho, na Rodrigue alitaka mwisho, na alijua swali lile lingemfuata Jeanne maisha yote kama asipopewa jibu.

"Jeanne, hakunywa baada ya kazi. Alikunywa kabla."

"Nestori hanywi kabla. Hakuna fundi anayekunywa kabla."

"Hakula kitu tangu asubuhi, hata chai alikataa. Ulipofunga mlango alikuwa na njaa, akamimina kikombe. Ndani ya kikombe kuna buluu, imetua juu ya maziwa yaliyobaki. Kikombe kilikuwa kimeshanywewa ndipo akaanza kupuliza. Upande wa kushoto wa geti ni safi. Upande wa kulia mkono wake ulianza kulala."

Jeanne alimtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa, na Esteri, ambaye ameona watu wengi wakipewa habari mbaya, alitamani asingekuwepo chumbani mle.

"Kompresa ilipokuwa inanyamaza…" Jeanne alisema.

"Ndipo alipoanguka."

"Nilikuwa nje. Nilikuwa mlangoni pake, Esteri. Mkono wangu ulikuwa juu ya komeo."

"Ndiyo."

"Kama ningefungua mlango badala ya komeo tu…"

"Sijui, Jeanne. Daktari pia hajui."

Hakupiga yowe. Alijikunja juu ya begi, mdomo wazi, hakuna sauti iliyotoka, na Esteri akamshika mabega kama alivyomshika siku ya mama yao. Muda ulipita. Alipoweza kusema tena alisema mwenyewe, bila kuulizwa: magharibi alipoona haji, alirudi. Alikuta mlango umerudishiwa kama alivyouacha. Akausukuma, akamkuta, akamgusa, amekuwa wa baridi. Alitoka kinyumenyume. Mkono ukafunga komeo wenyewe, hakumbuki kwa nini.

"Kwa nini hukulichukua jagi?"

"Jagi? Sikuona jagi. Nilimwona yeye."

"Na Rodrigue?"

Hapo Jeanne alifunika uso. "Mliposema ni Rodrigue nikaona kama nimepewa siku moja. Nikasema kesho nitasema ukweli. Kesho ikija naogopa, nasema, nikizika nitasema. Nilitaka nizike kwanza tu. Halafu mnifanye mnachotaka." Akainua kichwa. "Alikuwa ananikimbia mimi, Esteri? Nilimbana sana?"

"Kifua chake kilikuwa kinatoa damu. Alikuwa anatafuta kazi isiyo na tina. Hakukwambia kwa sababu ungelia."

Jeanne aliitikia kwa kichwa mara nyingi, polepole, kama mtu anayeelezwa njia. Kisha aliliweka begi kitandani, akalinyoosha, akasimama.

"Twende kabla sijakataa," alisema. "Tupitie nyuma, wale wamama wasinione. Lakini nikuombe kitu kimoja. Kesho kaburini Nestori asikose mtu wa kwake."

Ijumaa saa mbili asubuhi gari la kwenda Kigoma liliondoka, na mahali pa Rodrigue alikaa Jeanne. Shtaka lililoandikwa lilikuwa kuua bila kukusudia, na la pili, kutoa maelezo ya uongo. Bazilio alilisaini bila neno. Rodrigue alipewa mkanda wake na viatu vyake, na askari akaambiwa amrudishe Nyarugusu. Kijana hakuuliza nani alisema kweli. Aliuliza patron anazikwa saa ngapi. Esteri akamwambia askari, kambi haitahama, mpeleke jioni.

Saa tisa watu walikuwa makaburini, vumbi linapanda hadi magotini. Evaristi alikuwepo, Siti alikuwepo, na Rodrigue alisimama mbali kidogo na wengine, askari pembeni yake, kofia mkononi. Habari zilikuwa zimeshazunguka mji mzima, na kila mtu alikuwa akijitahidi kuonyesha hajazisikia. Pasikali alisoma sala. Jeneza liliposhushwa alifunga kitabu chake, akasema kama inavyosemwa siku zote:

"Watu wa familia watangulie kutia udongo."

Hakuna aliyesogea. Baba alikuwa Burundi, hai au mfu, hakuna ajuaye. Mama alikuwa kaburi la pili kutoka pale. Pasikali alingoja, akatazama huku na huku, akadhani hakusikika, akarudia kwa sauti zaidi. Watu walitazama miguu yao.

Esteri alisikia miguu yake ikitembea. Alipita katikati ya wale waliomjua kwa cheo chake na wale waliomjua kwa utoto wake, na mama mmoja nyuma akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba huyu ndiye aliyempeleka Jeanne Kigoma. Aliinama, akachukua udongo kwa mikono miwili. Akautupa. Kisha akainama tena, akachukua wa pili, akapaza sauti ili wote wasikie.

"Huu ni wa dada yako," alisema.

Alipogeuka kurudi, Rodrigue alikuwa ameshasogea hadi ukingoni, naye ameinama anachota udongo.